Jibu la mtaalamu: Waamish wa riwayani na Waamish wa Lancaster

Msomaji wetu wa Musoma anauliza: "Mimi ni muumini wa Kanisa la Mennonite. Shemeji yangu anayeishi Marekani aliniletea riwaya sita za mapenzi zinazowahusu Waamish wa Pennsylvania, wale Wakristo wanaotumia gari la farasi, wasiomiliki magari ya injini wala kuunganisha umeme nyumbani. Nimezisoma zote, na mbili nimezirudia. Kilichonigusa zaidi ni jinsi wahusika wanavyosali, kwa kuwa wanamweleza Mungu yaliyomo moyoni kama tunavyofanya sisi katika ushirika wa kina mama. Je, maisha ya Waamish ndivyo yalivyo, au waandishi wamepamba? Katika riwaya moja binti wa miaka kumi na saba anatengwa na jamaa zake kwa kumpenda kijana wa nje. Je, hilo hutokea? Na ni kweli kwamba maharusi wao hawabusiani?"

Dada yangu, nakushukuru kwa barua yako. Niruhusu nianze na hilo lililokugusa zaidi, kwa sababu kwa maoni yangu ndilo lililo mbali zaidi na ukweli katika riwaya hizo. Ukisoma mahali ambapo binti amesimama ghalani usiku, taa ya mafuta mkononi, akimweleza Mungu kwa maneno yake mwenyewe jinsi moyo unavyomvuta huku na huku kati ya vijana wawili, uliyekutana naye hapo ni mwanamke wa Kimarekani wa makanisa ya kiinjili, yaani yale yanayosisitiza wokovu wa kila mtu binafsi, aliyevishwa kofia ya Kiamish.

Niliishi kaunti ya Lancaster, huko Pennsylvania, kwa miaka miwili, na mara kadhaa nilikaribishwa kula katika nyumba za Waamish. Mara ya kwanza nilidhani baba mwenye nyumba amesahau kuombea chakula. Watu kumi na mmoja waliinamisha vichwa kwa pamoja, mikono chini ya meza, kukawa kimya isipokuwa saa ya ukutani na mtoto mmoja aliyekuwa akivuta pumzi kwa shida kwa sababu ya mafua. Nikangoja neno la kwanza la sala, lisije. Baba akakohoa kidogo, vichwa vikainuka, bakuli la viazi likaanza kuzunguka. Tulipomaliza kula, vichwa viliinama tena, kimya vilevile. Baadaye nilielezwa kwamba wengi husema Sala ya Bwana kimoyomoyo, na kwamba sala ya jioni, familia ikiwa imepiga magoti, baba huisoma kutoka katika kitabu cha Kijerumani ambacho babu zao walikitumia tangu karne ya 18. Kutunga sala yako mwenyewe kwa sauti, mbele za watu, kwa ufasaha, huonekana kwa Waamish wa utaratibu wa kale kama namna ya kujionyesha.

Chini ya ukimya huo ipo teolojia. Kwao, kusimama na kusema "nimeokoka, nina hakika ya mbingu" ni majivuno, kwa maana hukumu ni ya Mungu na mwanadamu hapaswi kumtangulia. Wao husema wana tumaini lililo hai, kisha wananyamaza na kuendelea na kazi. Neno lao kuu ni la Kijerumani, Gelassenheit, na sina neno moja la Kiswahili la kulitafsiri. Lina maana ya kujiachilia, kujishusha, kukubali kuwa chini ya Mungu, chini ya kanisa na chini ya wazazi, bila kushindana. Hapo ndipo wewe na wao mnapoachana, ingawa mna asili moja. Wamisionari wa Kimennonite waliofika Shirati mwaka 1934 walitumwa kutoka kaunti hiyohiyo ya Lancaster, na wanawake wao walifunika vichwa, kwa hiyo si ajabu ukiona picha ya jalada na kumkumbuka bibi yako. Lakini Waamish walikuwa wamekwisha kujitenga na ndugu zao hao tangu mwaka 1693, huko Uswisi na Alsace, walipomfuata mzee wa kanisa Jakob Ammann, na moja ya sababu za mfarakano huo ilikuwa suala la kutengwa, ambalo nitalijia. Isitoshe, katika miaka ya 1940 kanisa lenu la Mara lilipitiwa na uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda, pamoja na toba yake ya hadharani na ushuhuda wake wa wazi. Waamish wa utaratibu wa kale hawakupita njia hiyo. Kwa hiyo kadiri sala ya mhusika inavyofanana na sala yako, ndivyo mhusika huyo anavyopungua kuwa Mwamish.

Kwa nini basi waandishi huwasalisha hivyo? Kwa sehemu kubwa riwaya hizi huandikwa na wanawake wa kiinjili, huchapishwa na mashirika ya kiinjili, na husomwa na wanawake wa kiinjili. Wimbi lenyewe lilianza na riwaya ya Beverly Lewis, The Shunning, ya mwaka 1997, na baada ya hapo likavimba. Mtafiti Valerie Weaver-Zercher, katika kitabu chake cha mwaka 2013, alionyesha kwamba mwaka 2012 peke yake zilitoka riwaya mpya 85, yaani karibu moja kila siku nne. Soko la ukubwa huo lina mahitaji yake. Msomaji anataka kukimbilia mahali pasipo simu wala kelele, lakini akifika huko anataka kukutana na mtu anayewaza kama yeye, ajiulize maswali yake, amwite Mungu kwa sauti yake. Simlaumu. Riwaya kama sanaa imelelewa juu ya moyo wa mtu mmoja na yale anayoyataka mtu huyo, na utamaduni uliojengwa juu ya kuzuia neno "mimi" ni mgumu kuingizwa katika chombo hicho bila kuuvunja mbavu.

Katika mambo ya kuonekana kwa macho, waandishi wengi ni waangalifu, na sitakaa hapo sana. Gari la farasi la Lancaster ni la kijivu, la Holmes huko Ohio ni jeusi, na katika bonde moja la Pennsylvania yapo yenye paa la njano na mengine yenye paa jeupe. Mwanamume akioa hufuga ndevu na kunyoa masharubu. Utakutana na makosa ya majina zaidi kuliko ya magari. Ukoo wa Stoltzfus umejaa Lancaster kiasi kwamba watu hupeana majina ya utani ili wasichanganywe, ilhali kaskazini mwa Indiana utawakuta akina Miller, Yoder na Bontrager. Mwandishi anayehamisha majina hayo ovyo ni kama anayemwita mzee wa Pemba Mwakalinga bila kueleza alifikaje huko.

Sasa kutengwa. Binti wa miaka kumi na saba uliyemtaja, kama riwaya haikusema kwamba alikuwa amekwisha kubatizwa, hawezi kutengwa, na mwandishi amekosea jambo la msingi kabisa. Waamish ni wa ukoo wa wale waliobatizana wakiwa watu wazima huko Zurich mwaka 1525, na kwao ubatizo ni kiapo ambacho mtu hukichukua kwa hiari, kwa kawaida kati ya miaka kumi na minane na ishirini na miwili. Asiyeapa hajavunja kiapo. Akiondoka kabla ya hapo wazazi watalia, pengine kwa miaka, lakini atakaa nao meza moja. Aliyebatizwa kisha akaliacha kanisa ndiye anayetengwa, na hata huyo hanyimwi salamu wala mazungumzo kama riwaya zinavyopenda kuonyesha kwa milango inayobamizwa. Anachonyimwa ni mambo mahususi: waumini hawali naye meza moja, hawapokei kitu kutoka mkononi mwake, hawapandi gari lake, hawafanyi naye biashara. Zipo familia ambazo mtoto wa namna hiyo akija kutembelea huunganisha meza mbili, zikaachiwa nafasi ya vidole vichache katikati, kisha zikafunikwa kwa kitambaa kimoja. Kila mmoja anajua nafasi ile ipo, na hakuna anayeitaja. Riwaya ingeweza kusimama juu ya nafasi ile peke yake, lakini waandishi wengi huchagua kelele za baba mkali. Tena mlango haufungwi moja kwa moja, kwani mtu akirudi, akapiga magoti mbele ya kanisa na kukiri, hupokewa na kosa lake halipaswi kutajwa tena.

Ujana wao nao umepotoshwa sana, hasa na televisheni. Rumspringa, kipindi kinachoanza mtu akifikisha miaka kumi na sita, huonyeshwa kama likizo ya kwenda mjini kuonja dunia. Vijana walio wengi hukipitisha wakiwa nyumbani kwa wazazi, wakifanya kazi kutwa na kwenda kuimba na wenzao Jumapili jioni. Wapo wanaonunua simu za kisasa, wanaokunywa pombe, hata wanaonunua magari na kuyaficha nyuma ya ghala la jirani. Hata hivyo zaidi ya asilimia 85 huishia kubatizwa, na ndiyo maana jamii hii, ambayo karibu haina waongofu wa kutoka nje, hukaribia kuongezeka maradufu kila miaka ishirini na sasa ina watu takribani 400,000. Kuhusu waongofu, kijana wa mjini anayempenda binti wa Kiamish, akajifunza kuendesha farasi na kupokewa kanisani ndani ya sura ishirini, ni ndoto tupu. Waliojaribu na kudumu ni wachache mno, na kikwazo cha kwanza huwa lugha, kabla hata ya umeme.

Hilo la lugha linanikera kuliko yote, na nadhani msomaji wa Kiswahili atanielewa haraka. Waamish huzungumza nyumbani Kijerumani cha Pennsylvania, wenyewe hukiita Deitsch. Husali na kuimba kwa Kijerumani cha Biblia, na hutumia Kiingereza shuleni na kwa wageni. Maana yake ni kwamba mazungumzo yote ya binti na mama yake katika riwaya ni tafsiri. Kama ni tafsiri, kwa nini mama aseme sentensi nzima kwa Kiingereza kisha amalizie kwa "ja" au "wunderbaar"? Ni mtindo uleule wa vitabu vya wageni juu yetu, ambamo mzee wa Kilimanjaro anazungumza Kiingereza safi kurasa tatu mfululizo na kunyunyiziwa "jambo" na "bwana" ili msomaji asisahau yuko Afrika. Mwandishi mwangalifu angeonyesha lugha kwa namna nyingine: kwamba binti anaona haya kuzungumza Kiingereza mbele ya daktari, kwamba mtoto wa miaka minne hakijui kabisa, kwamba zipo siri ambazo haziwezi kusemwa mbele ya dereva wa kukodishwa kwa sababu dereva amewabeba miaka kumi na sasa anaelewa kila kitu.

Dereva huyo ananikumbusha kazi. Riwaya karibu zote zimejaa wakulima, lakini katika makazi makubwa kilimo si tena kazi ya walio wengi. Ardhi ya Lancaster imekuwa ghali kupita kiasi, kwa hiyo wanaume ni maseremala, wajenzi, wenye karakana zinazoendeshwa kwa mitambo ya dizeli na hewa ya kushindiliwa. Kaskazini mwa Indiana wengi huamka alfajiri kwenda viwandani kuunda nyumba za magurudumu ambazo Wamarekani wengine huzitumia kwa matembezi. Kijana wa Kiamish anayeunda magari ya utalii ambayo kanisa lake halimruhusu kuyamiliki ni mhusika ambaye riwaya ya mapenzi ingemhitaji sana, ila hapendezi kwenye jalada.

Uchumba umeandikwa vizuri zaidi, na hapa nawapa waandishi haki yao. Ni kweli kwamba kijana humrudisha binti nyumbani kwa gari la wazi baada ya kuimba, na kwamba kwa desturi jambo hufichwa hata kwa ndugu. Ni kweli kwamba Lancaster jirani huhesabu matuta ya seleri bustanini, kwa kuwa harusi hailiwi bila seleri, na familia iliyopanda nyingi bila sababu ina binti wa kuozesha. Kuna jambo moja ambalo wengi huliacha, nawe ungelitambua mara moja: wanaye mshenga. Kwa desturi shemasi ndiye aliyetumwa kwa siri, baada ya giza kuingia, kuhakikisha kwa binti na wazazi wake kwamba wameridhia. Ndipo jina litangazwe kanisani baada ya Meza ya Bwana ya majira ya vuli, na harusi ifuate wiki chache baadaye, siku ya Jumanne au Alhamisi. Na zipo jamii chache za wahafidhina kabisa ambamo wachumba bado huruhusiwa kulala kitanda kimoja wakiwa na nguo zao, desturi ya kale ya Ulaya ambayo makanisa mengi ya Kiamish yameikataa kwa nguvu. Riwaya safi za kiinjili hazithubutu kuigusa.

Ukiniuliza ni tukio gani ningependa kulisoma katika riwaya ya mapenzi ya Kiamish nikaamini kwamba mwandishi anawajua, nitakutajia la kura. Kanisa likihitaji mhubiri, waumini, wanaume kwa wanawake, hupita mmoja mmoja na kumnong'oneza kiongozi jina. Waliotajwa na watu wa kutosha huitwa mbele. Mezani vimepangwa vitabu vya nyimbo sawa na idadi yao, na ndani ya kimoja kimewekwa kipande cha karatasi chenye mstari wa Biblia, mara nyingi ule wa Mithali 16:33 unaosema kura hutupwa lakini hukumu ni ya Bwana. Kila mmoja huchukua kitabu. Askofu hupita akivifungua. Mwenye karatasi amekuwa mhubiri tangu dakika hiyo, maisha yake yote, bila mshahara, bila chuo, na hawezi kukataa kwa sababu siku alipobatizwa aliahidi kwamba akiitwa atakubali. Watu hulia. Mke hulia kwanza, kwa kuwa anajua atabaki na watoto na mifugo Jumapili nyingi, na kwamba kuanzia leo mavazi yake na ya mabinti zake yatapimwa na macho ya wote. Fikiria binti aliyeolewa miezi minane iliyopita na kijana mcheshi, mpenda utani, aliyemchagua kwa utani huohuo, anaona kitabu kikifunguliwa mkononi mwa mumewe. Huko ndiko mapenzi ya Kiamish yalikojaribiwa siku zote: si katika kuchagua kati ya vijana wawili, bali katika kuendelea kumpenda mtu ambaye kanisa limemchukua kabla hujamzoea.

Usidhani Waamish wenyewe hawasomi riwaya hizi. Wapo wanawake wanaozisoma na kuzicheka, wapo wanaozipenda, na wapo viongozi wasiotaka kuziona nyumbani. Wapo pia wanaoandika. Linda Byler, ambaye ni Mwamish, ameandika riwaya nyingi, na ukimsoma utaona mara moja kinachokosekana kwa wengine: wasichana wake wanawaza juu ya unene, juu ya fedha, juu ya farasi asiyetulia njiani, na Ordnung, yaani utaratibu wa kanisa, haielezwi kwa msomaji kama sheria ya ajabu, kwa sababu kwao ni hewa wanayoivuta. Ukitaka kulinganisha, mwombe shemeji yako akutumie kimoja chake na ukisome baada ya zile sita.

Limebaki swali lako la busu. Ndiyo, maharusi hawabusiani katika ibada ya ndoa, hawavishani pete, hakuna shada la maua. Ibada huanza asubuhi na kuchukua kama saa tatu, na kiapo chenyewe ni dakika chache mwishoni. Bibi harusi huvaa gauni alilolishona mwenyewe, mara nyingi la buluu, ambalo litaendelea kuwa gauni la Jumapili. Aproni nyeupe ya siku hiyo huwekwa akiba, azikwe nayo. Wageni mia tatu au mia nne hula kwa zamu kuku aliyechanganywa na mkate, viazi na seleri ya maziwa, huimba hadi usiku, kisha maharusi hulala nyumbani kwa wazazi wa binti. Riwaya nyingi huishia hapo, taa ikizimwa. Asubuhi yake, kabla jua halijapanda, bwana harusi na bibi harusi huwa jikoni, mikono imezama katika maji ya sabuni, wakiosha vyombo vya wageni wao.